Watoro wa Mlima Kenya

"Mtoro." Hilo ndilo jina mjomba wangu alinipa nilipoacha chuo. Hakusema nimeacha, hakusema karo imenishinda. Alisema mtoro, kana kwamba bado niko darasa la sita na nimeruka ua kwenda kuogelea mtoni. Nilikuwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa imekwama, mkopo ulikuwa umechelewa, na mimi mwenyewe, nikisema ukweli, nilikuwa nimechoka kabla hata pesa hazijaisha. Nikafunga begi, nikarudi mtaani.

Ilikuwa Januari. Wazungu wakisema majira ya joto wanamaanisha Julai, mwezi ambao sisi huku tunavaa sweta mbili na kulala na soksi. Kiangazi chetu ni Januari na Februari: nyasi zimekauka, vumbi kila mahali, anga iko safi, na ukiamka mapema ukapanda juu ya ghorofa hapa Nairobi, siku nyingine unaona Mlima Kenya kwa mbali, kidogo kama jino.

Wiki hiyo nilinunua kitabu kwa muuzaji wa kando ya barabara, wale wa kutandika vitabu kwenye gunia. Jalada lilikuwa limechanika. Kinaitwa No Picnic on Mount Kenya, mwandishi Felice Benuzzi. Nilikimaliza kwa siku mbili. Kisha nikawapigia simu marafiki zangu watatu: mmoja fundi wa simu, mmoja mpishi wa hoteli ndogo, mmoja bado mwanafunzi. Nikawaambia, wasee, twende mlimani.

Wakauliza, kwa nini? Nikawasimulia hadithi hii.

*

Benuzzi alizaliwa Vienna mwaka 1910 na akakulia Trieste, Italia, karibu na milima. Tangu utotoni alikuwa mtu wa miamba na theluji. Alisomea sheria, na mwaka 1938 akajiunga na utumishi wa kikoloni wa Italia, akapelekwa Ethiopia.

Hapo tusipite mbio. Italia ya Mussolini ilivamia Ethiopia Oktoba 1935. Iliwamwagia watu hewa ya sumu kutoka angani, wanajeshi na wanavijiji. Mei 1936 ikaiteka Addis Ababa. Benuzzi hakurusha bomu lolote, lakini aliketi kwenye ofisi za utawala uliojengwa juu ya mabomu hayo. Kwenye kitabu ni mtu wa kupendeza, mcheshi, asiyejisifu. Unaweza kumpenda kabisa. Ila usisahau kwamba hakuja upande huu wa dunia kama mtalii.

Italia ikaingia vitani upande wa Hitler mwezi Juni 1940. Majeshi ya Uingereza yakapanda kutoka Kenya kuelekea kaskazini, na ndani yake kulikuwa na vijana wa Kiafrika wa King's African Rifles, KAR. Tarehe 6 Aprili 1941 Addis Ababa ikaanguka. Maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya wakiwa mateka wa vita. Alama zao bado ziko. Lile kanisa dogo la Mai Mahiu, unapoteremka Bonde la Ufa, lile ambalo matatu hupita kama halipo, lilijengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Duke Amedeo wa Aosta, aliyekuwa mtawala wao mkuu Ethiopia, alifariki Nairobi Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri.

Benuzzi aliishia Nanyuki, kambi nambari 354. Maisha ya kambi hayakuwa ya mateso makubwa. Chakula kilikuwepo, kidogo. Vitabu vilikuwepo. Kilichowaua wale watu ni siku kufanana. Unaamka, unahesabiwa, unakula, unalala, na hujui vita vitaisha lini. Leo ni jana, kesho ni leo. Niliposoma sehemu hiyo nililala chali nikaangalia dari. Nilikuwa na wiki tatu bila kazi, bila darasa, bila mtu wa kuniuliza niko wapi. Niliielewa kambi 354 vizuri sana.

Halafu asubuhi moja mawingu yakafunguka na Benuzzi akauona mlima. Waliozaliwa Nanyuki wanajua: unaweza kukaa siku kadhaa na ukungu tu, kisha ghafla jitu zima limesimama pale, mwamba na barafu, karibu kabisa na ikweta. Mtu aliyekulia kwenye milima hawezi kuona kitu kama hicho halafu aendelee kucheza karata. Akaamua atatoroka, apande, kisha arudi kambini.

Ndiyo, arudi. Wenzake walidhani amerukwa na akili. Lakini angekimbilia wapi? Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, na kufika huko ni kuvuka Kenya na Tanganyika yote. Kutoroka kwenda nyumbani kulikuwa ndoto tu. Kutoroka kwenda mlimani kuliwezekana, angalau kidogo.

*

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata watu. Giovanni Balletto alikuwa daktari, naye alijua milima. Vincenzo Barsotti hakuwa mpanda milima kabisa. Alichukuliwa kwa sababu alikubali. Nafikiri kila kundi la marafiki lina mtu wa aina hiyo, yule ambaye hajui mnaenda kufanya nini lakini ameshavaa viatu.

Kazi ya pili ilikuwa vifaa, na hapa ndipo fundi wetu wa simu alipoanza kusikiliza kwa makini. Hawakuwa na kitu. Kamba walizitengeneza kwa mkonge uliotoka kwenye vitanda vya kambi. Sururu za barafu zilitokana na nyundo. Vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu ili usiteleze kwenye barafu walivichonga kutoka vyuma chakavu. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kutoka kwenye mgao wao, kwa miezi. Ramani hawakuwa nayo. Picha bora zaidi ya mlima waliyokuwa nayo ilikuwa ile iliyochorwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama.

Tarehe 24 Januari 1943 walitoka kupitia bustani ya mboga ya kambi, wakitumia ufunguo wa kughushi. Wakafuata mto kuingia msituni. Walitembea kwa kujificha mwanzoni, wakiogopa binadamu. Baadaye waliogopa wanyama, maana msitu ule una ndovu, nyati na chui, na bunduki hawakuwa nayo. Walipopita msitu wakatokea kwenye nyika ya juu ya miti ya ajabu, baridi ya usiku inauma na jua la mchana linachoma.

Barsotti akaugua. Ilibidi abaki kambini chini ya vilele, na Benuzzi na Balletto wakaendelea. Walijaribu kwanza Batian, kilele kikuu chenye urefu wa mita 5,199. Dhoruba ya theluji ikawageuza. Wakarudi chini, wakapumzika, na tarehe 6 Februari wakapanda Lenana, mita 4,985. Wakasimamisha bendera ya Italia waliyoibeba kutoka kambini, wakaacha na ujumbe ndani ya chupa. Baadaye Waingereza waliopanda mlima waliikuta bendera hiyo ikipepea. Fikiria uso wao.

Walishuka wakiwa na njaa ya kuona giza. Tarehe 10 Februari, siku ya kumi na nane, walikuwa wamerudi kambini, wakajitokeza wenyewe. Adhabu ya kutoroka ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku saba, kwa kuthamini ari yao ya kimichezo.

Kitabu kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 1947, na kwa Kiingereza mwaka 1952.

Nikamaliza kusimulia. Fundi akasema, "Kamba ya kitanda?" Mpishi akauliza kama mlimani kuna baridi. Mwanafunzi akauliza fare ni ngapi. Tukaelewana.

*

Vifaa vyetu tulivitoa Gikomba. Viatu vya mitumba vya kupandia mlima, jaketi zenye majina ya timu za kuteleza kwenye theluji ambazo hatujawahi kuzisikia, glavu zisizofanana. Hema tuliazima. Fundi alikarabati tochi za kichwa tatu zilizokufa akapata mbili zinazowaka. Mpishi alipanga chakula kama mtu anayeenda kulisha harusi: unga, njugu, viazi vitamu vilivyochemshwa, majani ya chai ya kutosha mwezi mzima. Pesa za kuingia mbugani zilitutoa jasho. Mimi niliuza laptopu. Sikuwa na insha ya kuandika tena, kwa hivyo sikuona tatizo.

Nanyuki tulifika jioni. Tulipiga picha kwenye kibao cha ikweta kama kila mtu. Kesho yake tukakutana na mzee aliyekubali kutuongoza pamoja na kijana wake. Kupanda bila mwongozaji ni ujinga, na mzee yule alikuwa amepanda mara nyingi kuliko umri wetu wote ukijumlishwa. Alitukagua viatu kimoja kimoja. Akatikisa kichwa, lakini hakutufukuza.

Tuliingia kwa lango la Sirimon. Njia hii ni taratibu. Siku ya kwanza unapita msitu hadi Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili unavuka mabonde hadi Shipton's Camp, mita 4,200 hivi, chini ya vilele vyenyewe. Usiku wa pili unaamka saa tisa na kupanda Lenana ili ufike macheo. Ukisimulia hivyo inaonekana rahisi.

Jioni ya Old Moses tulikaa nje tukinywa chai. Nilimweleza mzee habari za Waitaliano. Alikuwa akiijua hadithi hiyo zamani, wageni wengi huja nayo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana, hao watu walifungwa siku ngapi?"

"Saba, mzee."

Akacheka kidogo. "Babu yangu aliingia msitu huu mwaka wa 1953. Hakupewa saba."

Hakuendelea. Alimwaga masalio ya chai kwenye nyasi, akaenda kulala.

*

Nimefikiria swali lake tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike hii.

Rudi nyuma hadi Januari 1943 na uangalie Nanyuki tena, lakini sasa usitazame wale watatu. Tazama watu wa nje ya kambi. Mwanamume Mwafrika aliyekuwa akitembea kwenye barabara hiyo alilazimika kuwa na kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la mwajiri wake, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ukiacha kazi bila mwajiri kusaini, wewe ni mtoro. Polisi wanaweza kukusaka. Kwa hiyo mateka Mwitaliano alikuwa ndani ya ua, naye Mwafrika alikuwa nje ya ua akiwa na ua mwingine shingoni.

Ardhi yenyewe ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Laikipia, ile tambarare unayoiona magharibi ukiwa mlimani, ilikuwa ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Bonde la Ufa na kuwaahidi Laikipia kuwa yao. Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia, wakahamishiwa kusini. Laibon aliyehusishwa na mikataba hiyo alikuwa Lenana. Ndiyo, Lenana yule wa kilele.

Hayo majina aliyatoa Halford Mackinder, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kurekodiwa akifika Batian, tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Batian ni Mbatian, laibon mkuu, baba yake Lenana. Mackinder alifika huko kwa migongo ya wapagazi zaidi ya mia moja, na baadhi yao hawakurudi nyumbani wakiwa hai. Vilele havina jina la mpagazi hata mmoja. Na miaka kumi na mbili baada ya Lenana kupewa kilele, watu wake walianza kuondolewa kwenye nyasi za chini yake. Ukipewa mlima usioweza kulisha ng'ombe, angalia wanachokuchukulia.

Wala mlima haukuwa ukingoja jina. Wakikuyu walikuwa wakiuita Kirinyaga na kuelekeza nyuso zao huko walipoomba, kwa kuwa Ngai hukaa pale. Jina la nchi yetu lenyewe linahusishwa na jinsi Wakamba walivyolitamka jina la mlima huo kwa mmisionari Krapf, aliyeuona akiwa Kitui mwaka 1849. Aliporipoti theluji kwenye ikweta, wataalamu wa Ulaya walimcheka. Wenyeji walioiona kila siku hakuna aliyewauliza.

Sasa mchukue kijana mmoja wa Nyeri. Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922. Mwaka 1942 alijiunga na KAR. Mwezi ambao Benuzzi anapanda Lenana kwa kamba ya kitanda, Itote amevaa sare za mfalme. Baadaye alipigana Burma dhidi ya Wajapani. Akarudi nyumbani na kukuta kila kitu kiko palepale: ardhi haipo, sauti haipo. Akala kiapo. Oktoba 1952, mwaka uleule kitabu cha Benuzzi kinatoka kwa Kiingereza, serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Itote akaingia msitu wa Mlima Kenya na kuwaongoza wapiganaji wa huko kwa jina la Jenerali China.

Ni msitu uleule. Ndovu ni walewale, baridi ni ileile, njaa ni ileile. Nao walitengeneza vifaa vyao: bunduki za kienyeji kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Lakini mwaka 1953 serikali iliifanya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare kuwa eneo lililokatazwa. Mwafrika aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Ndege zikadondosha mabomu. Hakuna mkuu wa kambi aliyezungumzia ari ya michezo.

Januari 1954 Itote alikamatwa akiwa na majeraha. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa, akawekwa kizuizini miaka mingi. Alikaa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta. Alitoka mwaka 1962. Yeye pia aliandika kitabu, Mau Mau General, kilichotoka mwaka 1967. Tangu nirudi nimekisoma. Sikukipata kwenye gunia la kando ya barabara; nilikisoma maktaba, nikirudi kila siku kama mwanafunzi mzuri.

Sisemi tumchukie Benuzzi. Alichofanya kilikuwa kizuri, na nadhani alikifanya kwa sababu nzuri: alitaka kubaki mtu. Ninachosema ni kwamba adhabu ilipunguzwa kwa sababu waliomkamata walijiona ndani yake. Muungwana kamkamata muungwana. Mbio zake waliziita mchezo. Za Itote waliziita ugaidi. Tofauti haikuwa msituni.

*

Turudi Shipton's, maana hadithi yangu haijaisha.

Kambi hiyo imepewa jina la Eric Shipton, kijana aliyekuja Kenya kujifunza ukulima wa kahawa, na mwaka 1929 akapanda Batian na Nelion pamoja na Wyn-Harris. Ni mahali pazuri kupita kiasi. Vilele vimesimama juu yako kama vitakuangukia, lobelia kubwa kila upande, na pimbi wanazunguka hema wakidai viazi vitamu kama kanju anayetaka kitu kidogo.

Mpishi hakuwaona hao pimbi. Tangu mchana alikuwa kimya, na yeye si mtu wa kunyamaza. Saa kumi na mbili jioni alikataa chai. Saa mbili usiku alitapika mara tatu, akasema kichwa kinapasuka. Alipojaribu kusimama aliyumba kama mlevi. Mzee alimwangalia machoni kwa tochi, akamwambia atembee kwa mstari ulionyooka. Hakuweza.

"Huyu anashuka sasa hivi," mzee akasema. "Si kesho. Mimi namshusha, lakini nataka mtu mmoja wa kunisaidia. Wengine wawili watapanda na kijana wangu."

Tukaangaliana. Najua kila mmoja alifikiria hesabu ileile: pesa, miezi ya kupanga, Lenana iko pale, masaa machache tu. Mimi ndiye niliyeanzisha. Mimi ndiye niliyeuza laptopu. Na ukweli ni kwamba nilitamani mwingine aseme kabla yangu. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Hakuna aliyesema.

Hapo ndipo nilimkumbuka Barsotti. Nilipokuwa nasoma kitabu sikumjali sana. Alikuwa yule wa tatu, mgonjwa, aliyebaki chini. Nilikuwa nikiharakisha kurasa zake ili nirudi kwa wapandaji. Lakini alitembea msitu ule wote bila kuwa mpanda milima, akabeba mzigo, akaogopa ndovu walewale. Kisha akalala peke yake kwenye hema, mgonjwa, siku baada ya siku, akingoja marafiki wawili ambao huenda wasingerudi. Hakuna bendera ya kazi hiyo.

Nikasema, "Mimi nashuka."

Tulitembea usiku kucha. Mzee mbele na tochi, mpishi katikati, mimi nyuma nikimshika mkanda wa suruali asiteleze. Kila tulipoteremka kidogo alizidi kupata nafuu. Mara akaanza kulalamika kuhusu viatu. Mara akauliza kama viazi vimebaki. Nikajua amepona. Tulifika Old Moses kabla ya mapambazuko. Tulikaa nje, watatu, tukanywa chai aliyopika yeye mwenyewe kwa sababu alisema yangu haina rangi. Jua likatokea upande wa Meru. Wenzetu wakati huo walikuwa Lenana. Baadaye walituletea picha: wawili wamefunga vichwa kwa skafu, bendera ya Kenya ya kununua Nanyuki, na nyuma yao kile kilichobaki cha barafu ya Lewis. Hicho nacho kimepungua sana tangu enzi za Benuzzi. Mzee anasema ujana wake ilikuwa shamba zima, na sasa ni viraka.

Katika kungoja kule nilimuuliza mzee kuhusu Kisoi Munyao, mwanamume aliyepandisha bendera yetu mlimani usiku wa Uhuru, Desemba 1963. Picha yake shuleni tuliipita tukikariri mwaka tu. Miaka ishirini na kidogo kabla ya hapo bendera ya mlimani ilikuwa ya mateka Waitaliano. Miaka kumi kabla ya hapo aliyepanda angeweza kuuawa. Mzee alisema jambo moja tu: "Usiku ule watu hapa chini waliangalia juu wangoje moto." Wakaona, nikauliza. Akasema yeye alikuwa mtoto, alilala.

*

Niliporudi Nairobi nilipitia kwa mjomba. Alikuwa bado amekasirika, lakini chakula kilikuwa mezani, na kwetu mtu hakasirikiwi na njaa.

"Ulifika juu?" akaniuliza.

"Hapana, anko."

"Sasa ulienda kufanya nini?"

Nikamweleza yote, tangu mkebe wa nyama hadi mkanda wa suruali. Alikula polepole. Kwa Waitaliano alicheka. Kwa Jenerali China aliweka kijiko chini, akanyamaza kwa muda, kisha akaendelea kula. Nilipomaliza alinyanyua uso.

"Na huyo mwenzako aliyeugua?"

"Yuko sawa. Amerudi kazini."

"Haya basi," akasema, akanisogezea sufuria. Kuhusu chuo hakuuliza tena siku hiyo, na neno mtoro hakulitumia.